Malezi ya utulivu ni nini?

Mgeni amefika. Mtoto wa miaka sita amejibanza nyuma ya mama yake, ameshika pindo la khanga, hataki kutoka. "Msalimie shangazi. Leo shikamoo imekwenda wapi?" Kimya. Mama anacheka kwa aibu, anamvuta mkono: "Huyu sijui karithi kwa nani!" Mwishowe anamsalimia mgeni kwa niaba ya mtoto.

Malezi ya utulivu yanaanzia hapo, tena yanaanzia kwa mama. Maana yake ni mzazi kuwa na mwanawe kwa moyo wote na kutambua yanayompitia yeye mwenyewe kabla hajasema neno, bila kumhukumu mtoto wala kujihukumu. Mama yule kifua kimempanda joto: anaogopa ataonekana hakufunza adabu. Hofu yake ndiyo iliyomvuta mtoto mkono. Akiigundua, akashusha pumzi, anaweza kufanya jingine.

Jina hili, kwa Kiingereza "mindful parenting", lilienea Marekani kupitia mume na mke, Jon na Myla Kabat-Zinn, waliotoa kitabu juu ya malezi haya mwaka 1997. Baadaye mwanasaikolojia Susan Bögels wa Amsterdam, Uholanzi, akaandaa mafunzo ya wiki 8 kwa wazazi wa familia zilizokuwa zikipata matibabu ya afya ya akili.

Kwa mtoto mwenye wasiwasi, wengi tunajua kwamba kumlazimisha kunaumiza. Kinachotuponyoka ni kumkinga kupita kiasi, maana kunafanana sana na upendo. Ukimsemea kila mara na kumwepusha na kila anachokiogopa, anapata nafuu saa ile, ila hapati kamwe nafasi ya kuona kwamba angeweza. Hofu inazidi kumea.

Mzazi aliyetulia huchuchumaa, macho yakalingana: "Naona moyo unakwenda mbio. Nipo hapa. Ukiwa tayari, mpungie mkono tu." Halafu anangoja. Kungoja huko ndiko kugumu, hasa mgeni akiwa anatazama. Adabu haijaachwa, shikamoo itakuja, labda kwa sauti ndogo, labda ziara ya tatu. Na tafadhali, tusimwite "bubu" mbele za watu. Analisikia.

Utulivu wa mzazi hauchukui nafasi ya tiba. Mtoto anayezungumza vizuri nyumbani lakini shuleni hasemi neno kwa zaidi ya mwezi mmoja, au aliyeacha kula, kulala au kucheza kwa sababu ya hofu, apelekwe kwa daktari au mshauri wa watoto.