Kutoka jumba la raja hadi chumvi ya Dandi

Wengi husimulia msafara wa Gandhi wa 1930 nchini India, wa kupinga kodi ya chumvi ya serikali ya Waingereza, kama habari ya chumvi na miguu tu. Mimi jicho langu humfuata Narayan Moreshwar Khare, mwalimu wa muziki wa Sabarmati, makazi ya Gandhi na wafuasi wake, aliyetembea na wanamsafara akiwaimbisha.

Khare alikuwa mwanafunzi wa Vishnu Digambar Paluskar, na Paluskar alijifunza kuimba katika mji wa Miraj kwa ufadhili wa raja, mtawala wa huko. Enzi hizo raja ndiye aliyemlisha ustadhi, na ujuzi haukutoka nje ya ukoo na wanafunzi wachache. Khayal moja, yaani wimbo wa muziki wa kale wa Kihindi, huweza kula saa nzima, raga (mpangilio wa sauti za wimbo) ikifunguliwa taratibu, sauti baada ya sauti. Asiyeizoea hupotea njiani. Paluskar aliondoka Miraj 1896. Tarehe 5 Mei 1901 akafungua shule Lahore, Gandharva Mahavidyalaya, iliyotegemea michango na viingilio vya maonyesho. Akabuni pia alama za kuandikia muziki, darasa zima lipate kusoma pamoja. Gharama zilimzidi, na jengo lake la Bombay likapigwa mnada kulipa madeni.

Bhajan, wimbo wa ibada wa Kihindu, ndiyo iliyofaa barabarani. Mwimbishaji hutoa mstari mmoja mfupi, umati unaitikia, kama kasida. Mwanakijiji akiusikia mara mbili ameshaushika. Khayal isingeweza kazi hiyo.

Gandhi na wenzake 78 waliondoka 12 Machi, wakafika Dandi, kijiji cha pwani, 5 Aprili, karibu kilomita 385. Sheria ya Chumvi ya 1882 iliifanya chumvi kuwa mali ya kuhodhiwa na serikali, na kodi ilikuwa rupia 1 na ana 4 (rupia moja ni ana 16) kwa kila maund, yaani kama kilo 37. Ilimuumiza zaidi maskini, kwani naye anahitaji chumvi sawa na tajiri.

Kabla hawajafika, maofisa walikuwa wameivuruga chumvi ya ufukweni kwenye tope. Ndiyo maana alichookota Gandhi asubuhi ya 6 Aprili kilikuwa bonge lenye matope. Chumvi ya namna hiyo hailiki hadi uiyeyushe, uache tope litulie chini, uchuje, kisha uchemshe maji yakauke.

Mkataba wa 5 Machi 1931, kati ya Gandhi na Irwin, mtawala Mwingereza wa India, uliwaruhusu wanavijiji wa maeneo yenye chumvi kuikusanya na kuiuza vijijini mwao tu. Sheria yenyewe ilibaki, na kodi haikuondolewa hadi 1947, miezi michache kabla ya uhuru.