Kupasha ngoma moto sio uchawi, na wala sio kuongeza sauti

Imetokea tena. Tuko Nairobi, nimechutama nyuma ya steji na jiko langu la makaa, chapuo, ile ngoma ndogo, mkononi naigeuzageuza, huku emsii ashashika maiki anawatangazia watu kwamba "wenzetu wa Lamu wako huko nyuma wanaamsha mizimu kabla ya kuanza". Watu wakapiga makofi. Mimi nina kanzu na kofia, nimetoka kuswali magharibi sasa hivi, mizimu gani bwana. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilinyamaza, safari hii naandika.

Ngoma ni ngozi, na ngozi inakunywa maji, hata yale ya hewani usiyoyaona. Ikishakunywa inatanuka, inalegea, ukiipiga inasema bu bu kama mtu anayekung'uta godoro. Ukiisogeza kwenye joto maji yanatoka, ngozi inajivuta, sauti inarudi. Basi. Mizimu yenyewe ndiyo hiyo. Matwari ya maulidi nayo yanapashwa hivyohivyo na sijasikia mtu akiuliza kafara iko wapi.

Wale wa uchawi lakini nimewazoea. Wanaonichosha ni wanaojiona wameelewa, kijana wa saundi, mwandaaji, hata wacheza goma, ile ngoma yetu ya bakora ya Lamu, wenzangu tuliosafiri nao miaka, ambao wameshika kwamba moto unaongeza sauti, kwa hiyo moto mwingi sauti nyingi. "Kaka ipashe zaidi, huku nyuma haisikiki." Haisikiki kwa sababu maiki umeiweka mbele ya nzumari, ndugu yangu! Nzumari ikipigwa Langoni, mtaa wa Lamu mjini, mtu wa Shela, kijiji cha jirani, anageuza shingo, wewe unaiwekea maiki ya nini?

Sikilizeni. Chapuo inataka kukaza, ndiyo inayosema maneno. Vumi, ile ngoma kubwa, inataka kuvuma, jina lake lenyewe lishakwambia. Ukiipasha vumi kama ulivyopasha chapuo hupati sauti kubwa, unapata chapuo mbili, moja nene. Na kwenye goma watu wamejipanga mstari na bakora zao, wanayumba taratibu, hakuna anayeruka, sasa kinachowashika miguu wakayumba pamoja ni ile vumi. Nishaona mstari ukikatika katikati, upande huu unakwenda na ule unarudi, na wazee wote wamenikazia macho mimi, si mpigaji, mimi, kwa sababu wanajua nani alikaa na jiko. Kosa langu kweli, nilimsikiliza mtu wa saundi. Kwa hiyo vumi naipitisha tu kwenye joto, siku nyingine siigusishi kabisa, na tukiwa bara siku kavu nafanya kinyume, nachukua kitambaa, nakilowesha, nakamua mpaka kisitone, napangusa ngozi ili sauti ishuke. Hapo ndipo nilisikia dada mmoja nyuma ya pazia akimwambia mwenzake, "na sasa anaiogesha". Haya.

Halafu kuna hii ya kudhani unapasha mara moja umemaliza. Lamu ukiwa pale ufukoni usiku, ukipasha chapuo saa mbili, mgeni rasmi akimaliza kushukuru kamati ngozi ishalegea. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, inapata upesi na inapoteza upesi, ya ng'ombe ni nzito, inachelewa kote kuwili. Ndio maana katikati ya shoo mnaniona napotea. Sikwenda kuvuta sigara.

Kitu kimoja naomba mkishike hata mkisahau mengine yote: ngoma iliyolowa haiendi motoni. Tulinyeshewa karibu na Garsen, konda alikuwa amezipandisha kwenye keria akasema mvua haiji, na tulipofika kijana wetu kwa huruma zake akawasha makaa haraka azikaushe. Ngozi mbichi kwa maji ikifika joto la nyuzi kama 60 tu inajikunja yenyewe na hairudi, inakuwa ngumu kama ukoko, unakata unatupa unawamba upya. Ngoma iliyolowa iache kivulini penye upepo hata ikichukua usiku mzima, ikishakauka ndio uizungumzie moto. Na moto wenyewe ni kaa, sio ulimi wa moto. Magazeti nawasha nikikosa makaa, na roho inanidunda.

Watu wananionea wivu ati nazunguka na kikundi. Mimi safari yangu ni kugombana na makonda. Boti mpaka Mokowe alfajiri, basi mpaka Mombasa, usiku basi jingine mpaka Nairobi, hiyo ya pili peke yake karibu kilomita 480, na kila gari nabishana upya: keria hapana, kuna mvua na jua, chini ya magunia hapana, karibu na samaki hapana, sio kwa ngoma, kwa ajili ya wachezaji. Siku moja nikakubali buti la nyuma, nikasahau injini iko hapohapo. Tumeshuka Mtito Andei tunywe chai, tukasikia pa! Dereva akakimbilia matairi. Ilikuwa vumi. Joto la injini lilikuwa limeikausha tangu Mombasa, na mimi nilikuwa nimeiacha kamba zimekazwa kama za kupigwa usiku uleule. Wanasema ngoma ikilia sana hupasuka, hii yangu ilipasuka haijalia hata kidogo. Tangu hapo nalegeza kamba kabla ya kutoka nyumbani na nazifunga kwa kanga kuukuu, nazipakata ikibidi.

Mkitaka niwaambie kipimo, sina. Nabonyeza kwa kidole, nasikiliza, nabonyeza tena. Nina chapuo moja, fundi mmoja, ngozi zote mbili za mbuzi mmoja, na upande mmoja haujawahi kunisikia hata siku moja. Na hii habari ya bara ni kukavu nayo ilishaniaibisha, nilifika Nairobi mwezi wa saba na kitambaa changu tayari, kumbe baridi na manyunyu, ngoma zimelegea kama ziko Mkomani kwetu Lamu.

Na hili nalisema kwa sauti ya chini: hoteli moja Malindi, mvua za mwezi wa tano, nilipiga ngoma ya ngozi ya plastiki niliyoazima. Haikulegea usiku kucha. Wageni walicheza, meneja alifurahi, aliyegundua ni mzee mmoja tu, mlinzi wa geti, akaniuliza ile ndoo nimeitoa wapi. Sikumjibu. Mwaka huu mvua zikija nitaiazima tena, nadhani.

Mnaotualika mwezi wa kumi na mbili: jiko moja na makaa nyuma ya steji, maji chupa moja, kitambaa nakuja nacho. Na mwambieni sekyuriti mapema, juzi mmoja alinimwagia maji kwenye makaa.