Unamkinga na Upepo, Umemwacha na Ndoo: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Usalama wa Watoto

Mzazi wa Unguja au Pemba ana haki ya kumhofia mwanawe. Tabu ni kwamba hofu nyingi tulizorithi huelekezwa pasipo na hatari kubwa, na hatari yenyewe ikabaki uani bila mlinzi.

Dhana: Upepo wa usiku humpa mtoto homa ya mapafu

Mafua na homa ya mapafu huletwa na virusi na bakteria, navyo hupita kwa chafya, kikohozi na mikono isiyooshwa. Moshi wa kuni ndani ya nyumba huongeza hatari hiyo. Dirisha lililo wazi huipunguza. Wakati wa Kaskazi, mtoto mchanga aliyevikwa kofia ya sufu, soksi na blanketi ndani ya chumba kilichofungwa huzidiwa na joto hata akachemka mwili kama mwenye homa. Mguse shingoni kwa nyuma. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo. Viganja na nyayo kuwa baridi kidogo si ugonjwa.

Kama ana kikohozi na unahofia mapafu, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia, hanyonyi wala halii. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5 ni za haraka kupita kiasi. Akiwa hivyo, au kifua kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na kikohozi kisichokatika hakitibiwi kwa kukata kimeo. Kila mtu anacho, na kukikata kunaweza kuleta kutokwa damu nyingi, usaha na pepopunda.

Dhana: Anaharisha kwa sababu anaota meno

Meno huanza kuota karibu na miezi 6, umri ule ule ambao mtoto anatambaa, anatia kila kitu mdomoni na anaanza kula uji. Kinga aliyotoka nayo kwa mama nayo inapungua. Ndiyo maana mambo haya mawili hukutana, lakini kinachomharisha ni vijidudu.

Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) inayoandikwa lita 1 huchanganywa yote kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Wengi humimina nusu pakiti kwenye gilasi kwa kukisia. Chumvi ikizidi, mtoto hudhurika zaidi. Aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, kwa kijiko kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uendelee polepole. Mchanganyiko ukipita saa 24, umwage. Pamoja na ORS apewe dawa ya zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshakaza. Ziwa asikatazwe, na chakula pia asikatazwe.

Dhana: Degedege ni la shetani, na mtoto akipigwa sindano atakufa

Hii ndiyo dhana tunayoiogopa kuliko zote, kwa sababu humchelewesha mtoto. Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 homa inapopanda, na mara nyingi hukatika lenyewe kabla ya dakika 5. Sindano haimuui. Anayekufa mara nyingi ni yule aliyefikishwa hospitali akiwa ameshachelewa, watu wakaiona sindano ya mwisho na wasiyaone masaa yaliyopotea.

Likimshika, mlaze kwa ubavu juu ya mkeka, ondoa vitu vigumu karibu naye, na tazama saa. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni. Usimshikilie kwa nguvu. Likipita dakika 5, likirudi, au asipozinduka vizuri, nenda hospitali mbio. Hata likikatika upesi, bado apimwe: malaria ya kichwani na homa ya uti wa mgongo huanza vivyo hivyo. Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini haijatoweka. Mtoto akiwa amerudi karibuni kutoka Tanzania Bara, mwambie daktari kabla hajakuuliza.

Parasitamoli humpunguzia maumivu na joto, ila haizuii degedege. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 10 anatosheka na mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Pima kwa kipimio kinachokuja na dawa, si kwa kijiko cha chai.

Dhana: Dawa ya bahari ni kumkataza mtoto bahari

Katika visiwa hivi katazo hilo halidumu. Siku atakayofuatana na wenzake ndiyo siku atakayoingia majini bila kujua lolote. Mtoto wa skuli afundishwe kuelea chali na kuogelea, wa kike na wa kiume, mbele ya mtu mzima anayejua. Afundishwe pia maji yenyewe: wakati wa bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa hufika karibu mita 4, na maji yanaporudi huanza kujaza mikondo iliyo nyuma ya wanaookota chaza. Kwa hiyo warudi ufukweni mapema, maji yanapoanza tu kugeuka.

Kwa wa chini ya miaka 4, hatari iko nyumbani. Kichwa chake ni kizito; akiinamia ndoo huangukia kichwa na hawezi kujitoa. Maji ya sentimita 5 yanatosha, na mara nyingi hazami kwa kelele. Ndoo ya kufulia imwagwe, pipa lifunikwe, kisima kiwe na mfuniko asioweza kuuinua.

Akitolewa majini hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumbinya tumbo. Mpe pumzi 5, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpe pumzi 2, na urudie hivyo bila kusita, huku mwengine akitafuta gari.

Dhana: Aliyekunywa mafuta ya taa atapishwe, au apewe maziwa

Mafuta ya taa huua kwa kuingia kwenye mapafu, na kutapika huyapitisha njia hiyo hiyo mara ya pili. Maziwa hayayavunji, na tumbo likijaa humrahisishia kutapika. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali na chupa yenyewe, hata kama anacheza: kukohoa na kuhema kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Mafuta hayo yasikae kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa usiku mmoja.