Je, wajua kwa nini kinyama cha ufizi huweza kuota tena baada ya kukatwa?

Kinyama kinachochomoza kwenye ufizi, mara nyingi katika upenyo wa jino na jino, humtia mtu hofu ya saratani, ingawa vinyama vingi vya aina hii si saratani. Jambo linalowashangaza wagonjwa ni kwamba kinaweza kukatwa, kidonda kikapona vizuri, kisha baada ya miezi kadhaa kikaota palepale.

Kwa kawaida vinyama hivi hutokana na ufizi uliochokozwa kwa muda mrefu. Mchokozi mkuu ni ugaga, yaani utando wa bakteria uliogandamana kwenye shina la jino ukawa mgumu, lakini hata jino lililozibwa vibaya likabaki na ncha, au meno bandia yanayosugua, huweza kuleta matokeo yaleyale. Mwili huujibu uchokozi huo kwa kuotesha tishu mpya kupita kiasi. Tishu hiyo ikiwa na mishipa mingi ya damu, kinyama huwa laini, chekundu, na hutoa damu kikiguswa na mswaki. Ikiwa na nyuzi nyingi, huwa kigumu na chenye rangi ya ufizi wenyewe. Vipo pia vyenye chembe za mfupa ndani, na vingine vya rangi ya zambarau vilivyojaa seli kubwa zenye viini vingi.

Kwa mjamzito, homoni za estrojeni na projesteroni huufanya ufizi uitikie hata utando mdogo kwa nguvu kubwa. Kinyama chake mara nyingi hunywea baada ya kujifungua, na kikikatwa mapema huweza kurudi kwa kuwa homoni bado ziko juu. Kwa hiyo, kama hakitoi damu nyingi wala hakizuii kula, ni busara kusafisha meno na kusubiri.

Daktari wa meno hatambui tatizo kwa kutazama tu. Huuliza kinyama kilianza lini na mgonjwa anatumia dawa gani, kwa sababu fenitoini ya kifafa, nifedipini ya shinikizo la damu na siklosporini ya waliopandikizwa kiungo huweza kuvimbisha fizi, kwa kawaida katika sehemu nyingi za kinywa. Hupima pia kama jino la jirani lingali hai, maana usaha wa jino lililokufa hutoboa njia kwenye ufizi na kuacha kijipu kinachofanana sana na kinyama. Hapo kinachotibiwa ni jino. Picha ya eksirei huonyesha kama mfupa umeliwa.

Hata baada ya hayo yote, saratani ya kinywa au ya Kaposi, ambayo madaktari wa Afrika Mashariki huikuta hasa kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, huweza kujificha katika sura hiyohiyo. Ndiyo sababu kipande kilichokatwa hutiwa kwenye fomalini na kupelekwa maabara kupimwa kwa hadubini. Zikionekana seli kubwa, daktari anaweza kuagiza kipimo cha kalisi katika damu, kwani tezi za parathairoidi, zile ndogo za shingoni zinazodhibiti kalisi, zikifanya kazi kupita kiasi huweza kuleta uvimbe wa namna hiyo.

Upasuaji wenyewe ni mdogo na hufanywa kwa sindano ya ganzi, lakini kina chake ndicho huamua mengi. Baadhi ya vinyama huanzia kwenye nyuzi zinazoshikilia jino au kwenye utando unaofunika mfupa wa taya, hivyo anayekata sehemu inayoonekana pekee huacha chanzo mahali pake. Daktari hukata hadi kwenye mfupa, kisha hukwangua ugaga wote na kurekebisha kijazo au meno bandia yanayosugua. Hatua hii ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo hupuuzwa zaidi. Kukifunga kinyama kwa uzi au kukikata kwa wembe nyumbani hakugusi lolote kati ya hayo, mbali na hatari ya kutokwa damu nyingi.

Vile vyenye chembe za mfupa huweza kurudi hata vikikatwa kwa uangalifu, kwa hiyo mgonjwa hupangiwa tarehe za kuonwa tena, na kikiota mara ya pili kipande chake hupelekwa maabara upya, hata kama majibu ya kwanza yalikuwa mazuri.