Umemetuamo: chaji haizaliwi, inahama tu

Kila nikifika topiki ya umemetuamo, yaani umeme wa chaji zilizotulia kwenye kitu, naulizwa swali lilelile, mwalimu ukisugua kalamu ya biki kwenye nywele hiyo chaji inatoka wapi? Na ukipitia madaftari unakuta wengi wameandika msuguano "unatengeneza" chaji. Hapana jamani. Kalamu ilikuwa na chaji tangu zamani, nywele zako pia, tena za kumwaga, ila chanya na hasi zilikuwa sawasawa zinafutana ndo maana hauoni kitu. Ukisugua, elektroni kadhaa (chembe zenye chaji hasi) zinahama kwenye nywele zinaingia kwenye kalamu, basi, kalamu inakuwa hasi na nywele zinabaki chanya kwa kiasi kilekile. Protoni, zile zenye chaji chanya, hazihami, zimebanwa kwenye kiini cha atomu, kwa hiyo kwenye maswali ya kuchagua ukiona jibu linasema protoni zimehama likate hapohapo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kalamu imepata nanokulombi 10, yaani kulombi 10 × 10⁻⁹ (kulombi ni kipimo cha chaji). Elektroni 1 ina kulombi 1.6 × 10⁻¹⁹, gawanya, unapata elektroni kama bilioni 62. Nyingi eh? Sasa gramu 1 tu ya plastiki ina elektroni kama 3 × 10²³, yaani zilizohama ukilinganisha na zilizopo ni kama hakuna kitu, na bado zinanyanyua vipande vya karatasi.

Na hapo kwenye karatasi ndo wengi wanapotea. Karatasi haijasuguliwa, haina chaji ya ziada, mbona inavutwa? Ni kwamba kalamu hasi ikisogea, elektroni za karatasi zinasukumwa kidogo, haziondoki kwenye molekuli zao ila zinaegemea upande wa mbali, upande wa karibu na kalamu unabaki chanya kidogo. Kuna kuvutwa na kuna kusukumwa kwa wakati mmoja, lakini chanya iko karibu zaidi, na kwa kanuni aliyoitoa mwanafizikia Coulomb mwaka 1785 umbali ukipungua nusu nguvu inapanda mara 4, kwa hiyo kuvuta kunashinda. Angalia vizuri, kuna vipande vikigusa kalamu vinakaa sekunde chache alafu vinaruka, hivyo vimepokea elektroni za kalamu na sasa vyote ni hasi, vinafukuzana.

Kwa hiyo kuvutana sio ushahidi kwamba kitu kina chaji!! Kitu kisicho na chaji kinavutwa pia. Ushahidi ni kusukumana. Swali hili wanalipenda sana watunzi wa mitihani.

Ukitaka kuona kwa macho tafuta kipande cha bomba la PVC lile la kupitishia waya, lisugue na sweta, lisogeze karibu na kopo tupu la soda lililolazwa mezani bila kuligusa. Kopo linabiringika kulifuata bomba. Kwenye chuma elektroni ziko huru kwahiyo zinakimbia kabisa hadi upande wa pili, sio kuegemea tu kama kwenye karatasi.

Uhuru huo ndo unaoleta indaksheni, yaani kukipa kitu chaji bila kukigusa na kile chenye chaji. Weka tufe la chuma juu ya mguu wa plastiki, sogeza bomba lako hasi (usiguse), elektroni zinakimbilia upande wa mbali. Gusa tufe kwa kidole, zinapata njia zinapitia mwilini mwako kwenda ardhini. Sasa TOA KIDOLE KWANZA alafu ndo uondoe bomba. Tufe linabaki chanya, kinyume cha bomba, na bomba halijapoteza chochote. Ukianza kuondoa bomba kidole kikiwa bado kimegusa, elektroni zinarudi kwa njia ileile na unabaki na sifuri. Elektroskopu, kile kifaa cha kuonyesha chaji kwa jani jembamba la metali, ni hivyohivyo, ukisogeza bomba jani linafunguka, ukigusa linalala, ukimaliza kwa mpangilio sahihi linafunguka tena.

Walioko Dar, Tanga na Zanzibar msilaumu vifaa. Hewa ya pwani ina unyevu, maji yanatandaza utando mwembamba juu ya plastiki na chaji inavuja kabla hujamaliza kuelezea, wakati wa masika ndo usiseme. Mimi nakausha kila kitu na drayeri ya saluni kwanza. Dodoma kiangazi hawana shida hiyo. Zamani tulikuwa tunachana mifuko ya rambo kufanyia majaribio, tangu ipigwe marufuku 2019 mfuko wa plastiki wa mkate unatosha.

La mwisho cheche. Hewa inahitaji kama volti 3,000 kwa kila milimita ndo ipasuke, yaani ipitishe cheche, kwahiyo ukishuka kwenye gari lenye viti vya sintetiki ukagusa bodi ukachomwa kidoleni, ujue ulikuwa na maelfu ya volti. Hufi kwa sababu chaji ni kidogo mno, hata ukiwa na volti 10,000 nishati yote ni kama milijuli 5. Ila mvuke wa petroli ukichanganyika vizuri na hewa unawaka hata kwa chini ya milijuli 1. Ndo maana gari la mafuta likifika sheli linafungwa waya wa ethi (wa kupeleka chaji ardhini) kwanza kabla bomba halijafunguliwa, na ndo maana dumu unalishusha chini ardhini kulijaza, sio likiwa juu ya pikapu iliyotandikwa plastiki.