Ugonjwa wa watu wachache, hela za kuutafutia dawa zatoka wapi?

Hapa Malindi wiki haipiti bila kuona kwenye grupu la WhatsApp picha ya mtoto na nambari ya paybill chini yake, apelekwe India. Na watu wanachanga, watu wa Pwani kwa kuchanga hawana mchezo. Shida ni saa zingine hela zinatimia, mtoto anafika huko, daktari anasema ugonjwa tumeujua lakini dawa yake bado haijatengenezwa na mtu yeyote. Hapo ndo tunaulizwa sisi wa utafiti, kwani nyinyi kazi yenu nini? Wacha nijibu kwa upande wa hela manake ndo penye mkwamo.

Magonjwa adimu yanayojulikana ni kama 7,000, mengi ya kurithi, na karibu 95% hayana dawa iliyoidhinishwa. Dawa moja kutoka maabara mpaka famasi inaweza kula miaka 10 na zaidi, na nyingi zinafeli njiani, sasa kampuni ikipiga hesabu ikaona wateja ni mia chache dunia nzima, inafunga faili. Marekani walipoliona hilo wakapitisha sheria 1983: tengeneza dawa ya ugonjwa wenye wagonjwa chini ya 200,000 humu Marekani, tutakupunguzia kodi na utauza peke yako miaka 7. Ulaya wakafuata mwaka 2000, wao wakatoa miaka 10. Ilisaidia kweli, lakini bei jamani! Zolgensma, ya watoto wenye ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli, ilitoka 2019 kwa dola milioni 2.1 mtoto mmoja, hapo hata uuze Malindi uongeze na Watamu.

Sasa chukua sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa damu. Marekani ina wagonjwa kama 100,000 kwa hivyo huko ni adimu. Kwetu huku si adimu hata kidogo, wengi tunajua nyumba yenye mtoto wa macho ya manjano anayelia mifupa usiku kucha, na chanzo ni malaria: aliyerithi jeni ya sikoseli kwa mzazi mmoja tu, malaria kali haimpati kirahisi, ndo mana imebaki kwenye damu zetu. Anthony Allison, aliyekulia hapa hapa Kenya, alilionyesha hilo 1954. Kwa hivyo huko wagonjwa wachache, huku wengi lakini mifuko mitupu, na kampuni nyingi hazivutiki na upande wowote. Tiba ya sikoseli ya kuhariri jeni, yaani kurekebisha jeni za mgonjwa mwenyewe, iliidhinishwa mwisho wa 2023, nayo bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2.

Kilichotufaa sisi ni kidonge cha zamani cha saratani, haidroksiurea, ambacho hakina hataza tena, ile haki ya kampuni kukitengeneza peke yake, kwa hivyo kampuni hazikuwa na faida kubwa ya kukifuatia Afrika. Hofu ilikuwa kinashusha seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, je mtoto wa huku kwenye malaria na lishe duni si kitammaliza? Hela za kujibu swali hilo zikatoka kwa serikali ya Marekani na hospitali moja ya watoto ya Cincinnati, wakaingia watoto karibu 600 wa nchi 4, wetu wakiwa Kilifi hapo. Mtoto anapimwa kilo, anatolewa damu kidogo, seli zinahesabiwa, ndo dozi inapandishwa pole pole. Majibu yakachapishwa 2019: maumivu yalipungua, kuongezwa damu kulipungua, vifo pia, na malaria yenyewe ikashuka.

Watu wakisikia hela za utafiti wanadhani zote ni za mashine, kumbe nyingi ni mishahara ya manesi, nauli ya mama, dizeli ya jenereta umeme ukipotea friji isiyeyuke. Na Kenya sheria ya 2013 inasema 2% ya pato la taifa iende kwa utafiti. Haijawahi kufika, na kwa maoni yangu haitafika ikiwa kwenye vikao vya bajeti twauliza barabara na maji tu.

Mtafiti akija kwako basi muulize nani anamlipa, damu ya mwanao itafanywa nini, kamati gani ya maadili ilimpa kibali, na nauli ya kuja kliniki nani anatoa. Ukikataa, au ukajitoa katikati, matibabu ya kawaida ya mtoto yanaendelea vile vile, na hilo mwambie akuonyeshe kwenye fomu kabla hujatia saini.