Pepe ya mashine pepe si pepe ya mpunga

Kijana mmoja ninayemfundisha kazi aliniita nimtazamie laptop yake imeganda. Ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8. Alikuwa amefungua VirtualBox, programu ya kutengeneza mashine pepe, akatengeneza ya Ubuntu, mfumo endeshi kama ilivyo Windows, akakivuta kile kialama cha kugawa RAM kikavuka eneo la kijani, kikaingia kwenye jekundu, akakiacha kwenye GB 7. Nikamuuliza kulikoni. "Kaka, si ni pepe tu? Haili kitu." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, tena kutoka kwa watu makini, ndiyo maana naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Mashine pepe ni kompyuta inayoundwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina prosesa, RAM, diski na kadi ya mtandao vyake, na mfumo endeshi uliomo humo hufanya kazi kana kwamba uko kwenye kompyuta yake peke yake. Programu inayoigawia vitu hivyo ni haipavaiza. Kompyuta ya nje ni mwenyeji, ya ndani ni mgeni.

Kinachotupotosha ni hilo neno pepe. Aliyewahi kupepeta mpunga anaijua pepe: punje yenye ganda isiyo na kiini, ungo ukirushwa inakwenda na upepo. Halafu barua pepe ikatuzoesha kwamba pepe ni kitu cha mtandaoni. Basi mtu akisikia mashine pepe, sikio linamletea ama kitu kitupu, ama kitu kilichoko mbali huko kwenye intaneti. Yote mawili siyo.

Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapa ni virtual, na asili yake ni Kilatini virtus: nguvu, uwezo, ushujaa. Limetoka kwa vir, mwanamume. Kitu kikiitwa hivyo maana yake kina uwezo wa kutenda kazi ya kitu fulani, hata kama umbo lake si lile. Mzizi ni nguvu, nasi tumeupa jina la punje isiyo na kiini. Sisemi tulitupe neno pepe, limeshaingia midomoni. Nasema tulijue.

Wahandisi wa kampuni ya kompyuta ya IBM kule Cambridge, Massachusetts, walilichukulia hivyohivyo miaka ya 1960. Mfumo wao wa CP-67, uliokuwa ukiendeshwa kwenye kompyuta ya System/360 Model 67, ulimpa kila mtumiaji kompyuta nzima ya kwake, ingawa chini kulikuwa na moja tu. Mwaka 1972 wakatoa mrithi wake, VM/370. Mwaka 1974 watafiti wa kompyuta Gerald Popek na Robert Goldberg wakaandika sharti ambalo bado linashika: mashine pepe ni nakala ya mashine halisi, iliyotengwa na nyingine, na amri zake nyingi lazima zitekelezwe moja kwa moja na prosesa halisi. Hapo ndipo pa kushika. Kazi inayofanyika ni ya kweli, inafanywa na prosesa ileile uliyoilipia dukani. Mgeni anakula kwenye sufuria ya mwenyeji.

Ndiyo sababu laptop ya yule kijana iliganda. Mgeni alipewa GB 7, Windows ikabakiwa na moja, ikaanza kuhamishia mambo yake kwenye diski, na diski haiendi mwendo wa RAM. Tulipomshusha mgeni hadi GB 3, Ubuntu ya seva isiyo na madirisha ikatulia kabisa. Diski ina unafuu kidogo: ukitaja GB 40 na kuchagua faili linalokua, litakua kadiri unavyolijaza. RAM ihesabu kwamba imekwenda.

Na hilo la mtandaoni, tulilijaribu palepale. Tulizima Wi-Fi, mashine pepe ikaendelea, na anwani yake ileile 10.0.2.15 ambayo VirtualBox humpa mgeni ukitumia NAT, yaani mgeni akipitia mtandao wa mwenyeji. Hiyo haikuwa wingu. Wingu ni huduma: unaomba mashine mwenyewe, unapewa ndani ya muda mfupi kutoka kwenye rasilimali za pamoja, matumizi yako yanapimwa. Unaweza kujenga wingu dogo la majaribio ndani ya mashine pepe, kwa mfano OpenStack, programu ya kujengea wingu, kwa kutumia DevStack inayoisakinisha, nalo likazaa mashine pepe nyingine ndani yake. Lakini kwa hilo GB 8 za laptop nzima ni chache.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiulizwa unajaribia wapi programu yako, usiseme "iko kwenye wingu." Sema "iko kwenye mashine pepe, humu kwenye laptop yangu, nimeipa GB 3." Atakayekusaidia atajua pa kuanzia.